Paa Lililoshuka: Sakafu na Terazo Masasi na Newala

Katika Kiswahili cha Masasi na Newala, kama cha bara kwa jumla, sakafu ni sehemu ikanyagwayo ndani ya nyumba. Asili yake, hata hivyo, ni Kiarabu saqf, yaani paa. Makala haya yanadai kwamba badiliko hilo lilitokana na ujenzi wa pwani. Katika nyumba za mawe, boriti za mikoko zilipangiwa mawe, kisha chokaa ikapigwapigwa juu yake. Paa la chumba cha chini likawa kikanyagio cha ghorofa. Kitenzi sakifu kingali kinataja kazi hiyo.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, aliyekuwa akijenga kanisa la Mkunazini, Zanzibar, kwa paa la saruji na matumbawe, aliwapeleka Masasi watu waliokombolewa utumwani. Huko nyumba za miti na udongo ziliezekwa nyasi. Neno likakosa paa la kuliita, ikabaki maana ya chini.

Terazo, yaani vipande vya marumaru vilivyoshikwa kwa saruji na kusuguliwa, ina mkondo kama huo: Kiitaliano terrazzo ni baraza ya juu ya nyumba, kutokana na terra, ardhi. Hivyo “sakafu ya terazo” huunganisha maneno mawili yaliyoshuka kutoka juu. Kamusi inayofasili sakafu kwa saruji pekee huifuta historia hiyo.