Wanyampara wa Ikulu: Baraza la Utemi katika Puge na Maneno Mawili Yaliyotoka Humo

Puge ni mji mdogo wa wilaya ya Nzega, na aifuataye barabara itokayo Tabora kwenda Nzega huufikia akiwa amekwisha nusu ya safari yake. Barabara hiyo ilipojengwa kwa lami katika muongo wa 2010, kazi iligawiwa mafungu mawili, na mpaka wa mafungu hayo ukawekwa Puge: toka Nzega hadi Puge kiasi cha kilomita 59, na toka Puge hadi Tabora kiasi cha kilomita 56. Zamani za misafara mwendo huo wa pili ulikuwa kazi ya siku tatu au nne kwa mpagazi mwenye mzigo begani. Mwaka 1858 Speke alipotoka Kaze, yaani Tabora, kwenda kulitafuta ziwa alilolipa baadaye jina la Victoria, alishika njia ya kaskazini kupita nchi za upande huu, na katika Unyambewa akapokewa na mtemi mwanamke, ambaye katika kitabu chake amwita Sultana Ungugu.

Wachunguzi wa lugha wanapozitaja nchi hizi, kwa kawaida husema juu ya Kiswahili kilivyopanda bara pamoja na misafara. Hawasemi sana juu ya maneno yaliyoteremka kwa njia ile ile. Nayo ni mengi, lakini mawili yafaa kuangaliwa pamoja kwa kuwa yalizaliwa katika uwanja mmoja: ikulu na mnyapara. Ikulu ilikuwa makao ya mtemi, na wanyampara walikuwa wazee walioketi humo kukata mashauri. Leo neno la kwanza ni jina la makao ya Rais wa Tanzania. La pili ni jina la msimamizi wa vibarua, au la mfungwa aliyewekwa juu ya wafungwa wenziwe. Mahali palipanda cheo, na watu waliopakalia wakashuka. Kushuka kwao hakukuwa ajali ya lugha, kwani ukifuata historia ya baraza lile utaona kuwa kila lilipopungukiwa na kazi moja, neno nalo lilipungukiwa na heshima.

Katika Unyamwezi wa karne ya 19 hapakuwa na dola moja. Palikuwa na nchi nyingi, kubwa na ndogo, kila moja na mtemi wake. Jina mtemi lafungamanishwa na kitendo cha kutema, maana yake kukata; wengine hulieleza kwa ukataji wa msitu ulioanzisha nchi, wengine kwa ukataji wa mashauri, wala hapana haja ya kuchagua, kwa kuwa kazi zote mbili zilikuwa zake. Watu wa pwani walimwita sultani, na Wajerumani wakalichukua jina hilo kutoka kwao. Waingereza wakamwita chifu. Hivyo mtu mmoja alipata majina matatu kwa muda wa miaka sabini. Chini yake walikuwako wanangwa, wenye kutazama vijiji na sehemu za nchi.

Wanyampara walikuwa wa namna nyingine. Katika Kisukuma, lugha iliyo ndugu ya Kinyamwezi, namhala ni mzee mwanamume, mtu wa makamo na busara, na hiyo ndiyo maana iliyo chini ya neno lenyewe. Burton, aliyefika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, alikwisha kulisikia jina hilo likitumiwa kwa wazee wa shauri wa watemi. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kumpata mtemi. Mtemi alipofariki wao ndio waliosimamia maziko na kumtafuta mrithi, na kwa kuwa katika nchi nyingi za Unyamwezi urithi ulifuata upande wa mama, mwana wa dada akitangulia mbele ya mwana wa kuzaa, wenye haki walikuwa wengi na nafasi ya kuchagua ilikuwa pana. Aliyeweza kumweka mtemi aliweza pia kumwondoa. Mvua zikikataa, au mtemi akizidi kuwaonea watu, wanyampara walikuwa na njia zao za kumwonya, na onyo likishindikana, za kumtoa.

Hayo lakini ni mambo ya mwaka mmoja katika mwongo. Siku nyingine zote baraza lilishughulika na mambo madogo, na hapo ndipo ilipojulikana nguvu yake. Mtu ameoa, mahari hayakutimia, mke amerudi kwao. Ng'ombe wameingia shambani mwa jirani. Ndovu ameuawa msituni, na pembe moja ni haki ya mtemi, lakini wawindaji wawili wagombania ya pili. Mgeni ameomba mahali pa kujenga. Watu wa msafara wamepiga kambi karibu na maji na wataka kununua mtama. Bei iwe ngapi, na hongo ya kupita iwe nini? Kila neno kati ya hayo lilizungumzwa mpaka likachosha. Kura haikupigwa. Shauri lilikatwa pale ambapo hapakuwa tena na mtu mwenye kupinga kwa sauti, na mtemi akatamka yaliyokwisha kukubaliwa. Wasafiri wa Kizungu walioketi kusubiri hukumu za namna hii waliandika kwa uchungu juu ya muda uliopotea. Haikuwapitia moyoni kwamba muda ule ndio uliokuwa gharama ya kuishi na jirani bila askari.

Wanyamwezi walipokwenda pwani kwa biashara walikwenda na baraza lao. Msafara ulikuwa na mtongi, mwenye mali; ulikuwa na kirangozi, aliyetangulia mbele na kuonyesha njia; ulikuwa na mganga; na kila kikundi cha wapagazi kilikuwa na mnyampara wake. Huyu hakuwa bwana wao. Alikuwa mtu wao, mara nyingi mwenye umri kupita wao, aliyesema kwa niaba yao posho ilipopungua, aliyeamua ni nani achukue mzigo wa mgonjwa, na aliyetuliza ugomvi jioni penye moto. Wapagazi walipoweka mizigo chini na kukataa kuendelea, neno lililofuata lilikuwa shauri, na katika shauri hilo wanyampara ndio waliozungumza. Kambi ya Wanyamwezi usiku ilikuwa kijiji chenye wazee wake, ijapokuwa kesho yake kijiji chote kingebebwa mabegani.

Hapo neno lilikuwa limekwenda mbali na ikulu, lakini halikuwa limeharibika. Badiliko lilianza pale mwenye mali alipokuwa mgeni. Katika misafara mikubwa ya waarabu wa Tabora, na zaidi katika ile ya Wazungu baada ya 1870, mnyapara alipewa bunduki, akalipwa mshahara kuliko wengine, akatakiwa kujibu kwa kila mpagazi aliyetoroka. Alisimama kati ya pande mbili, na posho yake ikatoka upande mmoja tu. Umbo la neno nalo lilikwisha kulainishwa na ndimi za pwani: mnyampara akawa mnyapara, na kwa wengi nyapara.

Kisha ikaja Serikali. Isike wa Unyanyembe alishindwa na Wajerumani mwezi wa Januari 1893, akajilipua ndani ya boma lake asishikwe, na baada ya hapo hapakuwa na mtemi aliyeweza kujidai kwamba wazee wake peke yao ndio waliomweka. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wapagazi walikosa kazi ya njia, wakaenda kwa maelfu kwenye mashamba ya mkonge na kazi za reli. Mnyapara akaenda nao, safari hii bila kikundi cha kumchagua. Aliwekwa na bwana shamba. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mistari ya mkonge, kuamsha watu alfajiri, na kutazama kipande, ile karatasi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi mpaka zitimie 30. Vibarua wa mikataba waliitwa manamba, kwa kuwa waliandikwa kwa namba. Na katika mahali ambapo watu ni namba, mzee wa kusema kwa niaba yao hana kazi. Chama cha wenye mashamba cha kuandikia vibarua, SILABU, kilipoanzishwa mwaka 1944, maana mpya ya mnyapara ilikuwa imekwisha kukaa katika Kiswahili cha nchi nzima. Toka hapo hata kuingia gerezani ilikuwa hatua moja.

Nyumbani, ikulu ilikuwa ikipungua kwa namna yake. Sheria ya utawala wa wenyeji ya mwaka 1926, iliyotoka zamani za Gavana Cameron, iliwaweka watemi na wanangwa katika daftari la mshahara na kuwapa hazina, mahakama na kitabu cha kodi. Waingereza waliamini kwa dhati kwamba wanahifadhi utawala wa kale. Kwa kweli walihifadhi kiti, wakaacha mkeka uliokizunguka. Mtemi mwenye mshahara alijibu kwa Bwana Shauri wa wilaya, na kuondolewa kwake kulikuwa kazi ya huyo. Wazee walihudhuria bado, wakasikilizwa kwa adabu, lakini neno lao halikuwa tena na makali.

Tena akaja karani. Mashtaka yaliandikwa, stakabadhi zikakatwa, na lugha ya maandishi hayo ilikuwa Kiswahili. Vijana waliopitia Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwanza kwa ajili ya wana wa watemi, waliweza kazi hiyo, wazee hawakuiweza. Mzee alisema kwa Kinyamwezi kwa muda wa saa nzima, na karani akaandika mistari miwili. Lisilokuwamo katika mistari hiyo halikwenda mbele. Wapenzi wa Kiswahili husifu, na kwa haki, jinsi mabaraza ya bara yalivyokieneza na kukipa maneno ya sheria na hesabu. Yafaa vilevile ikumbukwe kwamba katika baraza hilo hilo Kiswahili kilikuwa mlango ambao wanyampara hawakupita. Kodi, malale na mbung'o, minada ya ng'ombe, mihogo ya kukinga njaa: mambo hayo yalizungumzwa, lakini mengi yalikuja yamekwisha kuamuliwa bomani, na baraza likaombwa kuyapeleka vijijini.

Utawala wa watemi ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1963. Jina la ikulu lilikuwa limekwisha kusafiri: baada ya Uhuru wa mwaka 1961 nyumba ya Gavana pale Dar es Salaam ilipewa jina hilo, na tarehe 20 Mei 2023 Ikulu mpya ikafunguliwa Chamwino, Dodoma, katika nchi ya Wagogo, ambao nao walikuwa na watemi. Hakuna aliyelalamika kwamba neno ni la kibara, wala wengi hawajui kuwa ni la kibara.

Serikali za wilaya nazo zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na kwa sheria hizo kijiji kina halmashauri yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, na mkutano mkuu wa watu wazima wote unaotakiwa kukutana kila miezi mitatu. Anayeketi katika vikao hivyo atasikia mpango ule ule kila mahali: kufungua kikao, kusoma muhtasari, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, kisha mengineyo. Akidi isipotimia, watu hurudi nyumbani. Istilahi ni nzuri, na Kiswahili kimefanya kazi kubwa kuzikamilisha. Lakini mtu akitaka kuyasikia mambo ya baraza la kale, na angoje mengineyo. Hapo ndipo ng'ombe huingia tena shambani mwa jirani, na hapo ndipo wazee husema kwa kirefu huku mtendaji akiitazama saa yake.

Kuna jambo lililoonyesha kwamba majina ya kale hayakufa yote. Wizi wa ng'ombe ulipozidi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Kahama, Nzega na Shinyanga waliunda ulinzi wao wenyewe, sungusungu, kabla Serikali haijauagiza. Kiongozi wa kundi waliita ntemi. Mwandishi wake waliita katibu. Cheo kilichofutwa kwa sheria miaka ishirini nyuma kilirudi kikakaa sambamba na cha ofisini, na adhabu waliyoitegemea sana ilikuwa ya kale kupita vyote viwili: mkosaji kutengwa, asipewe moto wala maji, mpaka alipe faini na kuomba msamaha.

Mnyapara hakurudi hivyo katika Kiswahili. Mzee wa Kisukuma akiitwa namhala hupokea salamu. Akiitwa mnyapara hutaka kujua ametukana nani. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya ziwa, Waganda wana neno nnampala, ambalo laonekana kuwa ndugu wa hili na ambalo wamelitumia kwa msimamizi wa kazi. Siku hizi magazeti ya Kiganda humwita kwa jina hilo mnadhimu wa wabunge wa serikali katika Bunge la Uganda, mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba wenziwe wamo barazani shauri linapokatwa.