Kamau Yupi, Muigai Yupi?

Anayefukua nyaraka za Kenya ya kikoloni akimsaka mtoto wa Muigai na Wambui wa Gatundu ajiandae kukutana na watu kadhaa. Kwanza ni Kamau wa Muigai. Baba alipofariki, ami yake Ngengi alimrithi mjane, mtoto naye akawa Kamau wa Ngengi. Mwaka 1914, katika misheni ya Waskoti ya Thogoto, kijana alitaka abatizwe John Peter. Wamisionari wakamwambia achague jina moja tu, naye kwa werevu akayaunganisha yote mawili: Johnstone.

Miaka ya 1920 Johnstone Kamau alikuwa akisoma mita za maji Nairobi, kiunoni amevaa mkanda wa shanga uliompa jina la Kenyatta. Jalada la kitabu chake kilichotoka London mwaka 1938 likamtambulisha kwa jina la Jomo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi shambani Sussex, na wanakijiji wakambandika lao: Jumbo.

Huyu alikuja kuwa rais, hivyo waandishi wa wasifu wamemfuatilia jina kwa jina. Vijana wengine waliobatizwa misheni hawakupata bahati hiyo. Vitukuu wao ndio wanaohangaika na madaftari ya ubatizo.

Desturi ya Wagikuyu inazidisha kazi. Mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na katika ndoa ya wake wengi kila nyumba huanza hesabu upya. Ndiyo maana Jomo alikuwa na Peter Muigai, aliyezaliwa mwaka 1920 na Grace Wahu, na pia Uhuru Muigai, aliyezaliwa mwaka 1961 na Mama Ngina. Mdogo wake Uhuru ni Muhoho, jina la baba yake Mama Ngina. Karani akiandika “Muigai Kenyatta” bila kutaja mama, ndugu waliopishana zaidi ya miaka 40 wanageuka mtu mmoja.

Pwani nako lakabu ilikuwa na nguvu zake. Hamed bin Muhammed el Murjebi alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, lakini kitabu hicho kikalazimika kubeba na jina la Tippu Tip, la sivyo wengi wasingejua ni nani anayezungumza.

Butiama, mtoto aliyezaliwa mwaka 1922 aliitwa kwanza Mugendi, kisha Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja na ubatizo mwaka 1943. Baba yake, mtemi wa Wazanaki, alikuwa Nyerere mwana wa Burito; aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa wakati viwavi wamevamia mashamba. Shule ilihitaji jina la baba, ikaandika Nyerere, na tangu hapo hilo ndilo wajukuu wanalolijaza kwenye fomu palipoandikwa jina la ukoo. Burito hana nafasi yake humo.