Kharubu si chokoleti

Wiki iliyopita rafiki yangu mmoja karudi kutoka Cairo. Nikategemea tende, yeye kanitupia mfuko wa maganda makavu, meusi, yamejipinda kama ukwaju uliokataa kunyooka. "Tafuna, mbegu tema," kanambia. Nikatafuna. Ladha ni kama tende iliyokutana na sukari guru, na kwa mbali kuna kaharufu ka kitu kilichoanza kuchacha. Waarabu wanaiita kharubu.

Nilipoanza kuifuatilia nikagundua kumbe tunafahamiana. Wale mliosoma Injili ya Luka sura ya 15 mnamkumbuka mwana mpotevu aliyetamani maganda ya nguruwe. Wasomi wengi wanakubali kuwa maganda yenyewe ndiyo haya. Na karati ya vito na dhahabu? Neno limetoka kwa Wagiriki, walioyaita maganda haya keration, likapita kwa Waarabu. Mbegu zake zilitumika kama mawe ya mizani, kwa imani kwamba zote zina uzito mmoja. (Watafiti walizipima mwaka 2006, wakakuta zinatofautiana kama mbegu nyingine tu!)

Ila historia imelionea tunda hili. Wagiriki na Wamalta walilitegemea wakati wa Vita Kuu ya Pili, chakula kilipoadimika. Hispania nako lilikuwa chakula cha miaka ya njaa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoisha 1939. Chakula kikishafungamana na dhiki, kukipenda kunakuwa kazi. Waulizeni wazee wetu kuhusu unga wa njano.

Halafu wakaja Wamarekani. Miaka ya 1970 wapenzi wa vyakula vya afya waliusaga unga wake wakautangaza kama mbadala wa chokoleti, kwa kuwa hauna kafeini. Mimi nadhani hapo ndipo walipoiharibia kabisa. Kharubu haina ule uchungu wa kakao wala mafuta yake. Umlishe mtoto huku ukimwambia ni chokoleti, atakuona tapeli. Wengi waliolishwa hivyo utotoni hadi leo hawataki kuisikia.

Hapa kwetu nani anauliza kama ukwaju ni mbadala wa ndimu? Ukwaju ni ukwaju.

Na Misri ndivyo wanavyoichukulia. Wanayavunja maganda, wanayapika na sukari, wanachuja, wanapoza, na Ramadhani ikifika juisi yake inauzwa barabarani. Cyprus waliiita dhahabu nyeusi, maana ilikuwa moja ya mazao makubwa waliyouza nje. Huko maganda yanapondwa, yanalowekwa, kisha maji yake yanachemshwa mpaka yawe mazito kama asali, bila kuongeza hata kijiko cha sukari. Kijiji cha Anogyra kinasifika kwa pasteli, peremende ya kuvutavuta inayotengenezwa kwa asali hiyo.

Jambo moja limenishangaza zaidi. Mwaka 1980 wataalamu wa mimea walitangaza ndugu pekee wa mti huu anayejulikana, na anaota milimani Oman na Somalia. Yaani ukoo wake uko jirani zetu kabisa.

Nimebakiwa na maganda tisa. Matatu nimeyaloweka tangu jana usiku, kesho naweka maji yake kwenye uji wa ulezi. Sukari sitii.