Ramani ya Korongo la Mto Colorado

Hadi miaka ya 1860, mto Colorado ndani ya Korongo Kuu la Arizona ulichorwa kwa kukisia. Luteni Joseph Ives alijaribu kuupanda kwa meli ya mvuke mwaka 1858. Meli ikagonga mwamba, naye akamalizia safari yake nchi kavu.

Mei 1869 John Wesley Powell, askari wa zamani aliyekatwa mkono wa kulia kwa jeraha la vita, alianza safari ya kuushuka mto huo pamoja na watu tisa katika mashua nne. Mchoraji ramani alikuwa Oramel Howland. Kila kona alitazama dira, akakadiria umbali kwa macho, akachora. Kimo kilipatikana kwa baromita, kwani zebaki hupanda kadiri mtu anavyoshuka. Mashua moja ilipovunjika kwenye miamba ya korongo la Lodore, michoro ya mwanzo ya Howland ilikwenda na maji. Tarehe 28 Agosti Howland na wenzake wawili, wakiwa wamechoshwa na maporomoko, waliuacha mto na kupanda juu. Waliuawa.

Hata bila ajali hizo ramani ingeyumba. Aliye chini ya kuta zenye kimo cha zaidi ya kilomita moja haoni kilele cha mbali cha kujipimia, na kosa la kona moja huhamia kona inayofuata. Ndiyo maana ramani ya safari ya pili ya Powell, ya 1871-72, kwa kweli ilizaliwa uwandani, juu ya korongo. Almon Thompson, shemeji yake Powell, alisimamia upimaji. Karibu na Kanab ulipimwa kwa fimbo za mbao mstari mnyoofu wa kilomita zipatazo 14. Kutoka ncha zake zikapimwa pembe za vilele, pembetatu ikizaa pembetatu. Njiani Thompson alikuta mto Escalante, usiokuwamo katika ramani yoyote. Frederick Dellenbaugh, aliyejiunga na msafara akiwa na miaka 17, alisaidia kuchora hemani, na mwanzoni mwa 1873 akaipeleka ramani Salt Lake City ndani ya mkebe wa bati.

Kuanzia 1902 mchoraji ramani François Matthes alichora kingo na kuta za korongo kwa kontua (mistari ya kimo sawa) za kila futi 50. Mto wenyewe ulisubiri kupimwa hadi 1923, serikali ilipotafuta mahali pa kujenga mabwawa. Kundi la wapimaji la Claude Birdseye lilikuwa na redio, likasikia habari za kifo cha Rais Harding wa Marekani. Poromoko walipopumzika siku ya mazishi likapewa jina lake. Septemba, wakiwa kwenye poromoko la Lava Falls, mto ulifura ghafla kwa zaidi ya mita sita. Walirudi na vipimo vilivyoonyesha mto unashuka kiasi gani katika kila poromoko.