Kuta Huuzwa, Ardhi Haiuzwi

Katika Base Camp, kitovu cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale kusini-magharibi mwa Uganda, nyumba huweza kubadilisha mwenyewe bila mlango wake kukaa wazi hata usiku mmoja. Mara nyingi anayeuza ni familia iliyopata safari ya kwenda kuishi Kanada au Australia. Mnunuzi hukagua mabati, huuliza bomba la maji liko wapi na magari ya mji wa Mbarara hupita upande gani, kisha pande mbili hupatana bei. Karatasi huandikwa kwa mkono, mashahidi wakatia sahihi. Kinachotajwa humo ni nyumba. Kiwanja hakitajwi, na hakuna anayeuliza sababu.

Sababu ni sheria. Kanuni za Wakimbizi za Uganda za mwaka 2010 zinampa mkimbizi nafasi ya kutumia bure ardhi aliyogawiwa katika makazi, lakini zinamkataza kuiuza, kuikodisha au kumhamishia mtu mwingine. Ugawaji uko mikononi mwa Ofisi ya Waziri Mkuu. Kwa hiyo kinachouzwa, angalau kwenye karatasi, ni jasho: matofali yaliyofyatuliwa, mbao zilizonunuliwa, choo kilichochimbwa. Hata hivyo kila dalali anajua kwamba nyumba mbili zilizojengwa kwa matofali ya aina moja haziwezi kulingana bei ikiwa moja iko kando ya soko na nyingine iko mlimani. Tofauti hiyo ya bei inatoka kwenye ardhi, ardhi ileile isiyouzwa.

Nakivale si kambi ya jana. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950, ikapokea Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya 1959, na imo miongoni mwa makazi ya wakimbizi makongwe kuliko yote barani Afrika. Leo ina Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengineo, nayo mitaa yake imebeba majina ya walikotoka watu: New Congo, Little Kigali, mtaa wa Wasomali. Kiswahili, hasa kile cha Kivu, ndicho kinachowaunganisha wengi sokoni. Kwa umri na kwa mchanganyiko wa watu, hakuna mtaa mkongwe wa mjini unaoweza kuidharau.

Ukienda Mbarara, mwendo wa kilomita hamsini hivi, utadhani umefika kwenye ulimwengu mwingine wa umiliki: hati miliki, wanasheria, mawe ya mipaka. Lakini High Street, barabara kuu ya maduka ya mji huo, ina historia inayofanana na ya Nakivale kuliko wenye maduka wangependa kukiri.

Mbarara ulikua kama kituo cha utawala wa Kiingereza katika ufalme wa Ankole, na baada ya mkataba wa 1901 kati ya Waingereza na ufalme huo, wafanyabiashara kutoka Bara Hindi walifuata njia za utawala kama walivyofanya kote Uganda. Wakajenga maduka yenye baraza mbele na makazi nyuma au ghorofani. Jambo linalosahaulika ni kwamba wengi wao hawakununua ardhi hata kidogo. Viwanja vya mjini vilikuwa vya Serikali, nao walivipanga kwa mikataba ya miaka maalumu, huku sheria za biashara zikiwabana wakae ndani ya miji na vituo vilivyotangazwa. Mhindi wa High Street alimiliki kuta na muda. Udongo ulikuwa wa mwingine.

Tarehe 4 Agosti 1972 Rais Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, akawapa siku 90. Maduka na nyumba vikaangukia mikononi mwa serikali, baadaye chini ya Bodi ya Usimamizi wa Mali za Waasia Walioondoka, vikagawiwa wanajeshi, watumishi wa umma na watu waliojuana na wakubwa. Mwaka 1975 Amin akaongeza jingine: amri iliyofanya ardhi yote ya Uganda kuwa ya umma, na waliokuwa na umiliki wa kudumu wakageuzwa wapangaji wa miaka 99. Kwa kalamu moja, mwenyeji wa Ankole mwenye hati akawekwa karibu sana na alipokuwa Mhindi.

Halafu vita na Tanzania. Februari 1979 jeshi la Tanzania liliingia Mbarara, na kwa kulipiza kisasi cha yale ambayo askari wa Amin waliyafanya katika mkoa wa Kagera, Tanzania, likabomoa kwa baruti sehemu kubwa ya majengo ya mji. Walioyapokea maduka mwaka 1972 wakabaki na vifusi. Kilichosalia ni karatasi zilizokuwa kwenye masanduku London, Leicester na Toronto. Na karatasi hizo ndizo zilizoshinda. Sheria ya Mali Zilizotaifishwa ya 1982 ilifungua njia ya wenyewe kurudishiwa, na katika miaka ya 1990, chini ya Yoweri Museveni na shinikizo la wafadhili, kazi hiyo ikashika kasi. Haikwenda safi: madai ya kughushi na watu waliojifanya mawakala wa wenye mali viliendelea kuisumbua bodi hiyo, kiasi kwamba mwaka 2019 kamati ya Bunge ilikuwa bado inaichunguza.

Huo mwaka 1982 una upande wake wa pili, na ni upande unaouma. Wakati Kampala ilipokuwa ikitunga sheria ya kuwarudishia Waasia mali zao, katika Ankole wenye asili ya Rwanda walikuwa wanafukuzwa. Ilikuwa Oktoba. Nyumba zilibomolewa, ng'ombe wakaporwa, na makumi ya maelfu wakakimbilia mpakani au kwenye makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwemo. Wengi wao hawakuwa na karatasi ya kuweka kwenye sanduku. Hakuna bodi iliyoundwa kuwatafutia mali yao.

Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 Watutsi wengi wa Nakivale walirudi Rwanda, na raia wa Uganda wakaingia katika sehemu ya ardhi waliyoiacha. Wakati huohuo wakimbizi wapya walikuwa wanawasili: Wahutu kutoka Rwanda, kisha Wakongomani, Warundi na Wasomali. Mradi wa Sheria ya Wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere ulichapisha mwaka 2003 utafiti kuhusu ugomvi huo, mkulima raia wa Uganda akidai shamba, mkimbizi akidai amegawiwa, na mipaka ya makazi ikibishaniwa na wote. Kadiri watu walivyozidi, kipimo kilipungua. Kiwanja cha mita 50 kwa 100 kilichokuwa cha kawaida kikawa ndoto, na waliofika miaka ya karibuni wamegawiwa mita 30 kwa 30 au pungufu. Ndiyo maana nyumba za zamani za Base Camp zina wateja: waliogawiwa mapema walipata nafasi pana na karibu na barabara.

Julai 2010 mnunuzi yeyote aliona hatari ya biashara hiyo. Wanyarwanda zaidi ya 1,700 walipakiwa kwenye malori huko Nakivale na katika makazi mengine ya Kyaka na kurudishwa kwao kwa nguvu. Mali zilibaki nyuma, na karatasi ya mashahidi haikumkinga mtu.

Mkimbizi aliyeweka akiba na anayetaka kitu kigumu zaidi hutazama Mbarara, ambayo tangu Julai 2020 ni jiji. Kwa mujibu wa Sheria ya Wakimbizi ya 2006, kuhusu mali zinazohamishika na zisizohamishika, hali yake ni ya mgeni yeyote. Na Katiba ya 1995, iliyorudisha ardhi kwa raia, inamruhusu mgeni kupanga tu, na Sheria ya Ardhi inaweka kikomo cha miaka 99. Taratibu ni zilezile zinazomkabili kila mnunuzi wa mjini: kuchunguza hati kwenye ofisi ya ardhi, kumpata mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1), kutembea mpaka pamoja na majirani, na kuhakikisha mke au mume wa muuzaji ameridhia ikiwa ni ardhi ya familia. Njia ya mkato ni kuandikisha kiwanja kwa jina la rafiki Mganda, na ndiyo inayoharibu zaidi. Rafiki akifariki au akigeuka, daftari la serikali linamjua yeye na warithi wake, na aliyetoa pesa hana pa kuanzia ila kwa mashahidi waliomwona akizihesabu.