Kuni za Ufipa: Historia ya Haki ya Kukata, Kuokota na Kupanda

Nyanda za juu za Ufipa zimekaa kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, na sehemu yake kubwa ni vilima vya nyasi. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Miti inayoonekana kando ya nyumba kwenye barabara ya kwenda Laela au Namanyere, kwa kiasi kikubwa, imepandwa na watu. Miti ya asili iko pembezoni: miombo kwenye miteremko inayoshuka Bonde la Rukwa na mwambao wa Ziwa Tanganyika, na msitu wa milimani huko Mbizi, kaskazini-mashariki ya mji. Tangu zamani, basi, kuni za Ufipa hazikuwa za mlangoni. Zilifuatwa mbali, na kila utawala uliweka taratibu zake za nani azifuate, wapi na kwa ajili gani.

Wafipa walijipanga mapema kuishi na uhaba huo, na ushahidi mzuri kuliko wote uko shambani. Ng'ambo ya mpaka wa leo wa Zambia, Wabemba walilima kwa kukata matawi, kuyarundika na kuyachoma ili mbegu ziote kwenye majivu. Kilimo hicho kinakula msitu mwingi kwa shamba dogo. Mfipa wa nyandani hakuwa na matawi ya kuchoma, akatumia nyasi. Mvua zikikaribia kwisha, nyasi ziligeuzwa pamoja na udongo wake wa juu na kufunikwa ndani ya vichuguu vya duara viitwavyo intumba. Humo zilioza polepole, na msimu uliofuata vichuguu vilitawanywa, ulezi ukapandwa kwenye udongo uliokwisha kurutubika. Wageni wa karne ya 19, akiwemo Joseph Thomson aliyepita Ufipa mwaka 1880, walikuta nchi ya wakulima hodari. Ustadi huo wa kilimo unastahili kuhesabiwa pia kuwa ustadi wa kuhifadhi miti, maana miti michache iliyokuwapo haikuishia shambani.

Ilikwenda jikoni na tanuruni. Jikoni mahitaji yalikuwa makubwa kuliko mtu wa pwani anavyoweza kudhani. Miezi ya Juni na Julai Ufipa ni baridi kali, na moto uliopikia ugali wa ulezi ndio uliowaotesha wazee na watoto hadi usiku. Kulikuwa pia na pombe. Kimpumu cha ulezi hunywewa kwa mirija, na kila chungu kinapopungua huongezwa maji ya moto, hivyo sufuria ya maji haiondoki mafigani mpaka wanywaji waondoke. Kazi ya kuleta kuni hizo iliwaangukia wanawake na wasichana. Waliokota matawi makavu na kuyapima kwa urefu wa mkono, wakayafunga kwa kamba ya gome, kisha mzigo ukawekwa kichwani juu ya kata ya nyasi. Kuni mbichi hazikuchukuliwa, kwa kuwa ni nzito na zina moshi. Uzito wenyewe ulikuwa kizuizi tosha. Mtu anayebeba kwa kichwa chake huchagua kilichokufa chenyewe.

Tanuru ndilo lililohitaji mti mzima. Ufipa ilikuwa mojawapo ya nchi za chuma zilizosifika katika magharibi ya Tanzania, na kijiji cha Milansi, makao ya kale ya machifu, kinahusishwa katika simulizi za Wafipa na wahunzi wa mwanzo. Tanuru kubwa la kuyeyushia, ilungu (kwa wingi malungu), lilijengwa kwa udongo likafikia kimo cha karibu mita 3, na matundu ya kuingiza hewa yalizunguka kitako chake. Halikuhitaji mivukuto. Joto lilipanda lenyewe juu ya bomba hilo refu na kuvuta hewa kutoka chini usiku na mchana. Fundi alipanga kuni na mkaa kwa tabaka pamoja na mawe ya chuma, akawasha, akasubiri. Kilichotoka kilikuwa bonge chafu lenye taka nyingi, ambalo lilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, likasafishwa kwa mkaa na mivukuto. Ndipo chuma kilipofika kwa mhunzi wa kufua majembe. Moto ulihitajika mara tatu, na mkaa uliofaa ulitokana na miti migumu ya miombo.

Kwa sababu hiyo mahali pa kujenga malungu palichaguliwa kwa uangalifu: kichuguu cha mchwa chenye udongo unaofaa, mawe ya chuma na miti, vyote viwe karibu. Kazi yenyewe ilizungukwa na miiko, na fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa kilichorithiwa. Haikuwa kazi ya kila mwenye shoka. Matumizi makubwa kuliko yote ya miti yalikuwa mikononi mwa mafundi wachache, tena kwa msimu. Hilo haliwafanyi kuwa wahifadhi wa misitu kwa maana ya leo, lakini si haki pia kuwatwisha wahunzi lawama ya nyanda kukosa miti, kwani moto wa nyasi unaopita kila kiangazi unaua miche mingi kuliko shoka. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yaliivunja biashara hiyo. R. C. H. Greig alipochapisha maelezo yake kuhusu uyeyushaji wa chuma Ufipa mwaka 1937, alikuwa anaandika juu ya kazi iliyokuwa inakufa. Baadhi ya malungu yangali yamesimama porini, mengine miti imeota katikati yake.

Ukoloni ulileta wazo geni: msitu kuwa mali ya serikali hata pasipokuwa na mtu anayeishi humo. Wajerumani, waliojenga boma lao Kasanga na kuliita Bismarckburg, walitoa amri ya hifadhi za misitu kwa koloni zima mwaka 1904. Waingereza walianzisha idara ya misitu, wakatunga sheria yao mwaka 1921, na sheria nyingine ikachukua nafasi yake mwaka 1957. Sheria hizo zilitenganisha matumizi ya nyumbani na biashara, na mgawanyo huo haujafutika hadi leo. Mama anayeokota mzigo wa kupikia alitazamwa kwa jicho moja, na mtu anayekata gogo la kuuza kwa jicho jingine. Mti wa thamani kama mninga uliwekewa leseni. Mipaka ya hifadhi ilichorwa, na aliyekutwa ndani na shoka bila kibali akawa mkosaji, hata kama babu yake alichanja kuni palepale.

Wakati huohuo matumizi yalipanda. Mapadri Weupe, waliochukua kituo cha Karema mwaka 1885 na baadaye kusambaa Ufipa, walijenga makanisa, shule na nyumba za matofali ya kuchoma. Ujenzi huo ulipendwa, na leo nyumba ya matofali mekundu ni sura ya kawaida ya vijiji vya Ufipa. Lakini tofali hula kuni. Tanuri la kienyeji hupangwa kwa tofali mbichi zenyewe, likaachwa mahandaki chini, yakajazwa magogo manene. Kuni za kichwani hazifai hapo. Moto huachwa uwake siku kadhaa, na gogo likiisha kabla tofali hazijaiva, kazi yote imeharibika. Sumbawanga ilipokuwa makao ya wilaya ya Ufipa, kisha makao ya Mkoa wa Rukwa ulioundwa mwaka 1974, matanuri yaliongezeka pamoja na mji.

Dawa ya uhaba wa kuni ilitoka Australia. Mkaratusi uliingia Tanganyika zama za ukoloni na kupandwa kwenye misheni, maboma na mashule, ukaizoea baridi ya Ufipa. Sifa yake kubwa kwa mwenye haja ya kuni ni kwamba hukatwa na kuchipua tena kutoka kwenye kisiki. Mkulima huyaacha machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, akayang'oa mengine, na baada ya miaka michache ana kuni tena bila kununua mche. Una ubaya wake: hunywa maji mengi, haufai kando ya chemchemi, na kuni zake huisha upesi kuliko za miombo. Hata hivyo, hakuna mti uliobadilisha jiko la Mfipa zaidi ya huu.

Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwakusanya watu waliokuwa wametawanyika, na kaya mamia zikawa zinachanja kuni upande mmoja wa kilima. Umbali wa kwenda kuokota ulirefuka mwaka hadi mwaka. Serikali ilihimiza mashamba ya miti ya vijiji na shule, na kuanzia 1985 hadi 1996 mpango wa maendeleo vijijini wa mkoa, RUDEP, uliogharamiwa na Norwei, ulifanya kazi Rukwa. Mashamba ya pamoja, ambayo hayakuwa na mwenye kuyapalilia, mara nyingi yaliliwa na moto au ng'ombe. Miti ya mtu binafsi, pembeni mwa shamba lake, ilistawi. Kwa kuwa Wafipa wengi walikuwa na maksai na mikokoteni, kuni za kupandwa ziligeuka bidhaa: mkokoteni mmoja hubeba mizigo mingi ya kichwani, na mvulana huufikisha mjini asubuhi moja.

Msingi wa taratibu za sasa ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002. Ya pili inatambua misitu ya aina nne: hifadhi za taifa, hifadhi za serikali za mitaa, misitu ya vijiji na misitu ya watu binafsi. Kijiji kinaweza kutenga hifadhi yake, kikaunda kamati, kikatunga sheria ndogo zinazopitishwa na halmashauri ya wilaya, na mapato yakabaki kijijini. Anayetafuta kuni za halali na nafuu Ufipa ana njia kadhaa. Ndani ya msitu wa kijiji, sheria ndogo huamua siku za kuokota, aina za miti isiyoguswa, na kama panga na shoka vinaruhusiwa. Penye miti ya mtu binafsi, mnunuzi hukubaliana na mwenye shamba na kuhakikisha ofisi ya mtendaji inajua mti umetoka wapi. Kuni za biashara zikipakiwa kwenye gari, huhitaji leseni, stakabadhi ya ushuru na hati ya kusafirishia, zinazokaguliwa kwenye kizuizi cha maliasili. Ndani ya hifadhi ya taifa kama Mbizi, ambayo ni makao ya mbega wekundu na chanzo cha vijito vya maji, kibali hutoka kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ulinzi wake ni mkali. Ukali huo una sababu. Msitu wa Mbizi ni kipande kidogo kilichobaki, na ukikatwa hauna mwingine wa kuurithi.

Unafuu wa kweli, hata hivyo, hupatikana zaidi kwenye mabaki. Ufipa ni nchi ya mahindi, na baada ya kupukuchua, magunzi hukaushwa na kuwekwa darini. Huwaka vizuri kwa chai ya asubuhi, huku kuni nene zikihifadhiwa kwa maharage. Mabua huwashia moto. Mabanzi ya viwanda vya mbao, ganda la nje la gogo lisilofaa ubao, huuzwa kwa bei ya chini kuliko kuni zilizopasuliwa. Jiko banifu la udongo, lenye mlango mmoja na mafiga yaliyozibwa pembeni, hupunguza kuni kwa kuzuia moto usipotelee nje, na linajengwa kwa udongo wa hapahapa.

Shinikizo jipya limetoka juu. Serikali iliagiza taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na Mei mwaka huo ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Shule za bweni na magereza, waliokuwa wanunuzi wakubwa wa magogo ya mikaratusi, ndio walengwa wa kwanza. Gesi imefika maduka ya Sumbawanga, ingawa kujaza mtungi huhitaji fedha nyingi kwa mara moja, ilhali mzigo wa kuni hununuliwa kwa siku. Matanuri ya matofali hayahusiki na agizo hilo la jikoni. Sehemu za Mkoa wa Mbeya tofali huchomwa kwa pumba za mpunga, na Bonde la Rukwa, chini ya miteremko ya Ufipa, linalima mpunga mwingi.