Kichakataji: kutoka mkonge hadi seva

Jirani na Kuruwitu, pwani ya Kenya, kwenye mashamba ya Vipingo, mkonge huchakatwa: majani hupondwa na kukwanguliwa mashineni hadi zibaki nyuzi. Kitenzi hichohicho, kuchakata, ndicho kilichozaa kichakataji, kifaa kinachofanya hesabu ndani ya kompyuta. Ni uteuzi mzuri mno, na unastahili kuishinda "prosesa".

Neno ni moja, kazi mbalimbali. Core i7-1165G7 ya Intel, iliyoundiwa vipakatalishi, ina viini 4 (sehemu zinazofanya hesabu), hufikia kasi ya gigahezi 4.7 na imepangiwa wati zisizozidi 28. EPYC 9654 ya AMD, iliyotolewa mwaka 2022 kwa ajili ya seva, ina viini 96 na imepangiwa wati 360, lakini kilele chake ni gigahezi 3.7.

Mtu anayeandika barua Kuruwitu hatafaidi viini 96; kimoja chenye kasi humtosha. Wingi huo unahitajiwa na seva inayohudumia maelfu kwa mpigo.

Kwa hiyo tangazo la duka linalotaja "kasi" tu halijamsaidia mnunuzi. Aulize viini ni vingapi, na vitadumu na kasi hiyo kwa muda gani kabla joto halijavipunguzia mwendo.